Chombo kisichoandikishwa ni mtaji unaoelea bila daftari

Sehemu kubwa ya mauzo ya maduka ya jumla ya Mirongo na mitaa inayoizunguka haibaki Mwanza mjini. Saruji, mabati, sukari, unga wa ngano, sabuni, soda na marobota ya mitumba hutolewa kwenye maghala ya katikati ya Jiji, hupelekwa mwaloni na kuvushwa kwenda Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na visiwa vingine vya Ziwa Victoria. Vinavyorudi ni dagaa, sangara, machungwa na mihogo. Kati ya duka na mteja kuna maji, na juu ya maji hayo kuna chombo. Kwa saa chache mtaji wa mfanyabiashara hauko mikononi mwake wala mikononi mwa mteja wake. Uko mikononi mwa nahodha.

Kurasa za biashara huandika bei ya gunia, thamani ya shilingi na riba ya benki. Ni nadra kuandika habari za chombo. Hata hivyo, mfanyabiashara anayejua bei ya dagaa mpaka senti ya mwisho mara nyingi hajui kama boti iliyobeba mali yake imeandikishwa, imekaguliwa lini, na inaruhusiwa kubeba tani ngapi na watu wangapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ulitungwa kwa ajili ya duka, lakini ziwani una uzito zaidi, kwa kuwa huko kinachopotea si mali peke yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba kuandikisha chombo na kukiwekea vifaa vya usalama si kodi nyingine anayobebeshwa mwekezaji mdogo. Ndiko kunakoufanya ubao na injini uwe mali. Na mtu mwenye nguvu ya kulifanikisha jambo hilo upesi kuliko askari au mkaguzi ni yule anayelipia nauli ya mzigo.

MADAFTARI MAWILI

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Hadi leo hakuna anayeweza kutaja kwa uhakika ni watu wangapi hufa maji humo kila mwaka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu kati ya 3,000 na 5,000 kwa nchi tatu zinazolizunguka. Mtu wa hesabu aitazame tofauti hiyo. Kati ya kima cha chini na cha juu kuna pengo la watu 2,000. Kama yangekuwa magunia ghalani, hakuna mkaguzi wa hesabu ambaye angetia sahihi. Pengo hilo lipo kwa sababu vyombo vingi huondoka bila orodha, na kisichoandikwa kikiondoka hakihesabiki kisiporudi.

Mwanza inalijua jambo hilo kwa uchungu. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikiwa inakaribia Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Daraja la kwanza na la pili lilikuwa na orodha ya abiria, lakini daraja la tatu, walikopanda watu wa kipato cha chini, halikuwa na orodha. Mamia ya watu walikufa, na idadi kamili imebaki kuwa makadirio mpaka leo. Makaburi ya pamoja ya Igoma ni kumbukumbu ya msiba huo, na pia ni kumbukumbu ya daftari ambalo halikuwapo.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka hatua chache kabla ya kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 100 na mzigo wa tani 25. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220, na waliookolewa ni 41 tu. Kwa kujumlisha tu, kivuko kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya abiria walioruhusiwa, na pamoja nao kulikuwa na magunia ya mahindi, ndizi na saruji.

Hapa ndipo mwenye boti ndogo huinua mkono na kuuliza swali la haki. MV Bukoba ilikuwa meli ya shirika la umma. MV Nyerere kilikuwa kivuko cha serikali chini ya TEMESA. Vyote vilikuwa na namba, makaratasi na wahandisi. Kama kuandikishwa hakukuviokoa, mtumbwi wa mtu binafsi utaokolewaje na cheti?

Jibu ni kwamba usalama wa chombo una madaftari mawili. La kwanza ni daftari la chombo, linalosema ni cha nani, kimejengwaje, kimekaguliwa lini na mwisho wake wa kubeba ni upi. La pili ni daftari la upakiaji, linalosema leo wamepanda wangapi na mzigo una uzito gani. Daftari la kwanza bila la pili ni kama mizani iliyofungiwa kabatini. La pili bila la kwanza ni kama kupima kwa mizani isiyo na alama. Ajali hizo mbili zilionyesha hasara ya kuwa na daftari la kwanza na kulipuuza la pili. Mitumbwi mingi ya ziwani haina hata moja.

SHERIA IPO, MWALO UKO MBALI

Si kweli kwamba nchi haina sheria. Sheria ya usafiri wa meli na vyombo vya majini ilipitishwa mwaka 2003, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Uvuvi. Sheria iliyotungwa mwaka 2017 ilianzisha Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo lilianza kazi mwaka 2018 na kuchukua kazi ya kudhibiti usafiri wa majini iliyokuwa ya SUMATRA. Chombo cha kubeba abiria au mizigo kinapaswa kukaguliwa na kupewa cheti cha ubora. Chombo cha uvuvi kinapaswa kuandikishwa na kupewa leseni kupitia maofisa uvuvi wa halmashauri.

Tofauti ya njia hizo mbili ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Mtumbwi wenye leseni ya uvuvi umeruhusiwa kubeba wavuvi, nyavu na samaki. Siku ya gulio, mazishi au sikukuu, mtumbwi huo huo hugeuka basi. Hakuna kinachoonekana kubadilika kwa macho, ubao ni ule ule na injini ni ile ile. Lakini kibiashara kila kitu kimebadilika. Walio ndani si watu wa majini tena, wengi hawajui kuogelea, na mzigo haukai chini katikati ya chombo kama nyavu bali unarundikwa juu na watu wanakaa juu ya mzigo. Uzito ukipanda juu, chombo hupoteza utulivu. Wimbi moja, au abiria kukimbilia upande mmoja, kunatosha.

Julai 30, 2023, mitumbwi miwili ilizama katika kijiji cha Mchigondo wilayani Bunda, mkoani Mara. Waliokufa walizidi 10, wengi wao watoto waliokuwa wakitoka ibadani. Upande wa Uganda, Novemba 24, 2018, boti ya starehe ya mtu binafsi ilizama karibu na ufuko wa Mutima wilayani Mukono na kuua watu zaidi ya 30. Serikali ya nchi hiyo ilieleza kwamba boti hiyo haikuwa na leseni. Uganda ilikuja kutunga sheria mpya ya usafiri wa majini ya ndani mwaka 2021. Kwa hiyo tatizo si la maskini peke yao. Mtumbwi wa kijijini na boti ya matajiri vilizama katika ziwa moja, miaka mitano ikipishana.

Ukubwa wa kazi yenyewe unajulikana. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lenye makao yake Jinja, limekuwa likisimamia hesabu ya vyombo vya uvuvi katika nchi tatu tangu mwaka 2000. Katika hesabu za miaka ya 2010 vyombo vya uvuvi vilizidi 60,000. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuhesabu mitumbwi mwalo kwa mwalo. Wahesabuji wameifanya kazi hiyo kwa ajili ya samaki. Kuifanya kwa ajili ya abiria si jambo linalozidi uwezo wa binadamu.

FUNZO LA MABWAWA YA KUOGELEA

Kuna somo kutoka mahali ambapo mfanyabiashara wa Mwanza asingepategemea, nalo ni mabwawa ya kuogelea ya nyumbani. Mwanza mabwawa hayo yapo, hotelini na katika nyumba chache za wenye nafasi. Katika jimbo la New South Wales huko Australia ni jambo la kawaida kabisa, na watoto wadogo wamekuwa wakifia humo nyuma ya nyumba, kimya kimya, ndani ya dakika chache tu.

Jimbo hilo lilitunga sheria ya mabwawa mwaka 1992, likataka uzio. Baadaye liligundua kwamba kuamuru uzio hakutoshi wakati serikali haijui mabwawa yako wapi. Ndipo mwaka 2013 kila mwenye bwawa akatakiwa kuliandikisha. Lakini hatua yenye akili zaidi kibiashara ilikuja Aprili 2016, pale ilipoamriwa kwamba nyumba yenye bwawa haiuzwi bila cheti kinachoeleza hali ya bwawa hilo, wala haipangishwi bila cheti kwamba bwawa linatimiza masharti. Ufaransa nayo, kwa sheria ya Januari 3, 2003, iliwataka wenye mabwawa binafsi kuweka uzio, kifuniko, king'ora au paa la kuzuia ajali za watoto.

Jambo la kuzingatia katika mfano wa Australia ni mahali sheria ilipowekwa. Mkaguzi hawezi kuzunguka nyuma ya kila nyumba kila siku. Lakini kila nyumba siku moja itauzwa au itapangishwa, na siku hiyo mnunuzi au mpangaji atadai karatasi kwa faida yake mwenyewe. Sheria ikasimama sokoni, mahali ambapo fedha hubadilishana mikono, na soko likawa mkaguzi.

Ziwa Victoria ndilo bwawa la nyumbani la watu wa Mwanza. Watoto wao huchezea kando yake, mali zao hupita juu yake. Swali ni moja tu: katika bwawa hilo, fedha hubadilishana mikono wapi? Zinabadilishana mwaloni, wakati wa kupakia. Hapo ndipo cheti kinapopaswa kudaiwa.

SANGARA ANA CHETI

Mwanza haihitaji kwenda mbali kupata uthibitisho kwamba soko linaweza kulazimisha usalama. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha mara kadhaa ununuzi wa samaki kutoka Ziwa Victoria, mara kwa sababu ya bakteria na hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa kutumia sumu. Viwanda vya minofu vilipunguza kazi au kusimama, vibarua wakarudi nyumbani, na wavuvi wakauza sangara kwa bei ya kutupa.

Kilichofuata kinajulikana na kila aliyekuwa katika biashara hiyo. Viwanda vilibadili mitambo na taratibu, mialo ikachaguliwa na kukaguliwa, vyombo vya kukusanyia samaki vikawekewa masanduku ya barafu, na upimaji wa ubora ukaimarishwa, ambapo leo maabara ya taifa ya samaki iko Nyegezi. Kanuni nyingi zilikuwa tayari zipo katika vitabu. Jipya lilikuwa mnunuzi aliyesema wazi kwamba bila karatasi hakuna malipo.

Basi leo sangara anaondoka Mwanza akiwa na cheti cha afya kinachoeleza alikotoka na aliyemkagua. Mvuvi aliyemvua huenda aliondoka ufukweni usiku kwa mtumbwi usio na namba, bila jaketi okozi, na bila mtu wa nchi kavu kuandika jina lake. Hii si lawama kwa mnunuzi wa Ulaya, ambaye alilinda mlaji wake. Ni ushahidi kwamba mwenye kulipa akidai, mwenye kulipwa hutimiza. Wafanyabiashara wa Mwanza nao ni wanunuzi. Wananunua usafiri kila siku.

HESABU YA MWENYE BOTI

Wenye vyombo husema gharama za usalama zitawaua kibiashara. Hoja hiyo ipimwe kwa hesabu, hata kama ni ya mfano tu.

Tuseme boti na injini yake vimegharimu Sh. milioni 20, na boti inabeba abiria 25 pamoja na mabaharia. Tuseme mwenyewe ananunua majaketi okozi 30 kwa Sh. 40,000 kila moja. Gharama ni Sh. 1,200,000, sawa na asilimia 6 ya mtaji wake. Yakidumu miaka mitatu, ni Sh. 400,000 kwa mwaka. Boti ikifanya safari 250 kwa mwaka, ni Sh. 1,600 kwa safari. Igawanywe kwa abiria 25, kila mmoja anabeba Sh. 64. Hakuna abiria atakayeahirisha safari kwa sababu ya Sh. 64, mradi kila boti ya mwalo huo iwe na sharti hilo hilo.

Hesabu ya pili ni ya kuzidisha. Tuseme mwenye boti huyo anaongeza abiria 10 juu ya uwezo, kila mmoja kwa nauli ya Sh. 5,000. Amepata Sh. 50,000 za ziada kwa safari. Ili fedha hizo zifikie thamani ya boti moja iliyozama, anahitaji safari 400 za kuzidisha zilizofika salama, yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kucheza na bahati.

Lakini ukweli usifichwe. Mwenye boti anaweza kujibu kwamba amekwisha kufanya safari 400 za namna hiyo na bado yu hai. Kwa upande wake huenda hesabu inalipa, na ndiyo maana watu wanaendelea kuzidisha. Kosa la hesabu yake ni kwamba imeacha nje mali ambayo si yake. Faida ya kuzidisha inaingia mfuko mmoja. Hasara chombo kikizama inagawanywa kwa mwenye saruji, mwenye sukari, mwenye dagaa na familia za abiria. Mahali popote ambapo faida ni ya mmoja na hasara ni ya wengi, asitegemewe huyo mmoja ajizuie mwenyewe. Wale wanaobeba hasara ndio wanaopaswa kuweka masharti.

Na wenye mizigo nao wajitazame. Mara nyingi ni wao wanaomsukuma nahodha. Mfuko wa saruji una kilo 50, hivyo mifuko 20 ni tani nzima, karibu sawa na uzito wa watu wazima 16. Mfanyabiashara anayesisitiza mifuko yake 20 ya mwisho iingie leo kwa sababu kesho ni siku ya gulio amepandisha abiria 16 wasioonekana. Anayeokoa siku moja ya mauzo kwa njia hiyo anaweka rehani mzigo wote.

MALI ISIYO NA JINA HAIKOPESHEKI

Kuna upande mwingine ambao wawekezaji wadogo hawajautilia maanani. Wapo watumishi, wastaafu na wenye maduka wanaotafuta mahali pa kuweka akiba zao, na boti ya mizigo huonekana kuwa biashara yenye mzunguko wa haraka. Wengi hununua chombo kwa makubaliano ya mdomo, humkabidhi nahodha, na husubiri hesabu ya jioni.

Chombo cha namna hiyo, mbele ya sheria, ni mbao tu. Hakina jina la mwenyewe popote. Mwenyewe akifa, warithi watabishana na nahodha ufukweni. Chombo kikiibwa na kupakwa rangi nyingine, hakuna namba ya kukitambua. Mwenyewe akienda benki, hana cha kuonyesha. Chombo kilichoandikishwa kina hati, huuzwa kwa hati, hurithiwa kwa hati, na hutajwa katika maombi ya mkopo kama mali nyingine yoyote.

Bima nayo ina kanuni yake, ambayo ni ukweli kamili wa anayekata bima. Mwenye chombo akieleza kwamba ni cha uvuvi na kikazama kikiwa na abiria na mabati, amekwisha kumpa mwenye kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa. Kadhalika mwenye mzigo anayetaka bima ya shehena ataulizwa chombo gani kitaubeba. Akijibu kwamba ni boti ya mtu fulani isiyo na namba, mazungumzo yataishia hapo.

MALALAMIKO YENYE HAKI

Hata hivyo si haki kuwatupia wenye vyombo lawama zote. Mtu wa Ukara au Maisome anayetaka kutimiza sheria huacha kazi, hulipa nauli, hulala mjini, na huambiwa karatasi moja iko ofisi hii na nyingine iko ofisi ile. Uvuvi ni kwa halmashauri, ubora wa chombo ni kwa TASAC, mapato ni kwa TRA. Safari mbili za namna hiyo huzidi gharama ya ada yenyewe. Sheria inayotimizwa kwa taabu hutimizwa na wachache, na wale waliobaki hujifunza kukwepa.

Dawa yake ni ofisi kumfuata mwenye chombo. Mialo mingi ina BMU, vikundi vya usimamizi wa uvuvi vinavyomjua kila mwenye mtumbwi kwa jina. Ikipangwa siku maalumu kwa kila mwalo, maofisa wote wakaja pamoja wakiwa na daftari moja, kazi ya wiki nzima itafanyika kwa asubuhi moja. Chombo kipimwe hapo hapo, namba ipakwe ubavuni, na chini ya namba iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa idadi ya watu na tani zinazoruhusiwa. Alama ya mwisho wa kuzama ichorwe kwa rangi inayoonekana hata na mtoto. Cheti kilichofungiwa kwenye mkoba wa mwenyewe hakimsaidii abiria. Namba iliyoko ubavuni inampa abiria haki ya kukataa kupanda.

Pia wapo watakaosema miundombinu mipya imemaliza tatizo. Ni kweli kwamba Daraja la JPM la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu, lililofunguliwa Juni 19, 2025, limeondoa malori na mabasi katika foleni ya kivuko. Ni kweli pia kwamba MV Mwanza, iliyojengwa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400, ni chombo cha kisasa. Lakini daraja haliendi Ukara, na meli ya tani 400 haitii nanga katika kila mwalo wa kisiwa. Magunia 30 ya mfanyabiashara mdogo yataendelea kubebwa na boti ndogo kwa miaka mingi ijayo.

MFANYABIASHARA AANZE LEO

Hakuna haja ya kusubiri kanuni mpya. Mwenye duka la jumla anayepeleka mzigo kisiwani anaweza kuanza na mambo matano, na yote yako ndani ya uwezo wake.

Kwanza, aone cheti cha chombo kabla ya kulipa, na aandike namba yake kwenye stakabadhi ya mzigo. Pili, aandike uzito wa mzigo wake kwa kilo, si kwa idadi ya mifuko peke yake, ili nahodha ajue anabeba nini. Tatu, nakala ya orodha ya abiria na mizigo ibaki nchi kavu kwa mtu anayejulikana, maana orodha iliyozama na chombo haina faida. Nne, akubali mzigo ubaki mpaka kesho pale nahodha anaposema chombo kimejaa au Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo, na asimkate nahodha fedha kwa kusema hivyo. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku, na nahodha anayeogopa kupoteza mteja kuliko anavyoogopa wingu ni hatari kwa mali ya mteja huyo huyo. Tano, wafanyabiashara wanaotumia mwalo mmoja wakubaliane kwa pamoja kutopakia chombo kisicho na namba. Mmoja akidai peke yake atachelewa na mwenzake atamtangulia sokoni. Wakidai 20 kwa pamoja, mwenye boti ataandikisha kabla mwezi haujaisha.

Jambo la tano ndilo gumu, kwa sababu linawataka washindani wawe kitu kimoja. Lakini wafanyabiashara wa Mwanza wamekwisha kushirikiana katika mambo magumu zaidi. Wanapangisha ghala kwa pamoja, wanachangia ulinzi wa usiku mtaani, na hucheza upatu wa mamilioni kwa kuaminiana. Kuongeza sharti moja mwaloni si mzigo mkubwa kuliko huo.

Mwekezaji anayefikiria kununua boti mwaka huu naye aweke hesabu zake sawasawa tangu mwanzo. Gharama ya ukaguzi, namba, majaketi okozi na bima iingizwe katika bei ya chombo, kama vile mwenye lori anavyohesabu matairi. Kama biashara hailipi baada ya kuhesabu vitu hivyo, basi hailipi, na faida inayoonekana ni akiba ya watu wengine iliyokopwa bila idhini yao.